Masharti kwa Benki, Masharti kwa Tehran: Obama na McCain katika Uchaguzi wa 2008

Jioni ya Oktoba 1, 2008, Baraza la Seneti la Marekani lilipiga kura mbili ambazo ni nadra kutajwa pamoja. Kwa kura moja, maseneta 74 dhidi ya 25 waliiruhusu serikali itumie hadi dola bilioni 700 kuziokoa benki. Kwa nyingine, maseneta 86 dhidi ya 13 waliridhia mapatano ya kushirikiana na India katika nishati ya nyuklia ya kiraia, ingawa India ilikuwa imekataa kutia saini Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia na ilikwisha kulipua mabomu ya majaribio mwaka 1974 na 1998. Barack Obama na John McCain, wote wawili maseneta na wote wawili wagombea urais, walirudi Washington kutoka kwenye kampeni, na kila mmoja akasema ndiyo mara mbili. Anayetaka kujua tofauti yao kwa kuhesabu kura za jioni ile hataambulia kitu. Hata hivyo, Wamarekani waliambiwa mwezi ule kwamba wanachagua kati ya dunia mbili, na sisi huku, tuliokuwa tukiamka saa kumi alfajiri kufuatilia midahalo yao, tuliamini vivyo hivyo.

Hoja ninayoitetea katika mhadhara huu ni kwamba katika suala la fedha na suala la nyuklia, wagombea wale hawakutofautiana katika malengo. Wote walitaka benki zisianguke. Wote walisema Iran isipate bomu. Wote walikuwa wametangaza kwamba wangependa kuiona dunia isiyo na silaha za nyuklia; McCain alilisema hilo Denver mwezi Mei 2008, akikumbusha ndoto ya Ronald Reagan, na Obama akalisema Julai katika Chuo Kikuu cha Purdue. Walichotofautiana ni masharti: nani awekewe, yawe magumu kiasi gani, na yaanze lini, kabla ya mtu kuingia mlangoni au akishakaa ndani. Nitaonyesha kwamba masharti yaliyotangazwa kwa sauti kubwa zaidi katika kampeni ndiyo yaliyozaa kidogo zaidi, na kwamba mshindi wa uchaguzi ule hatimaye aliibana Tehran kwa ustadi ambao mabenki ya nchi yake mwenyewe hayakuuonja kwa kiwango hichohicho.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo zilizoamua uchaguzi. Kwa miaka kadhaa benki na makampuni ya mikopo ya Marekani yalikuwa yamewakopesha watu fedha za kununulia nyumba bila kujali sana kama wataweza kulipa, kisha yakaifunga mikopo hiyo mafungumafungu na kuyauza duniani kote kama hati salama. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Safari hii harusi ilikuwa ya wakopeshaji na wakopaji pamoja. Bei za nyumba ziliposhuka, hati zile zikakosa mnunuzi. Septemba 7, 2008, serikali ilizichukua chini ya usimamizi wake Fannie Mae na Freddie Mac, taasisi mbili kubwa kabisa za mikopo ya nyumba. Septemba 15 benki ya Lehman Brothers, yenye umri wa miaka 158, iliomba kinga ya mufilisi. Siku iliyofuata Benki Kuu ya Marekani iliikopesha kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85 ili isiwaangushe wengine. Siku ileile ya Lehman, McCain alisema huko Jacksonville kwamba misingi ya uchumi wa Marekani bado ni imara. Alitaka kutuliza watu, na kwa kiasi fulani alikuwa anawasifu wafanyakazi wa nchi yake, lakini kauli hiyo ilimfuata hadi siku ya kura.

Waziri wa Fedha, Henry Paulson, alipeleka bungeni mpango wa kurasa tatu. Kurasa tatu kwa dola bilioni 700! Kifungu chake cha nane kilitaka maamuzi ya waziri yasihojiwe na mahakama yoyote wala chombo chochote cha serikali. Hapo ndipo kila mgombea alipotakiwa aseme masharti yake. Obama alitaja manne: usimamizi huru, walipa kodi wapate sehemu ya faida benki zikipona, wakuu wa benki wasiondoke na vitita vya kuwaaga, na wenye nyumba wasaidiwe. McCain naye alitaka bodi ya usimamizi, na akataka kiongozi wa kampuni inayookolewa asilipwe zaidi ya mtumishi wa serikali anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote. Zaidi ya hayo, alisema kama angekuwa rais angemfukuza mwenyekiti wa tume inayosimamia masoko ya hisa. Septemba 24 alitangaza kusimamisha kampeni yake na kutaka mdahalo uahirishwe. Kesho yake walikutana Ikulu pamoja na Rais Bush, na kikao kikavunjika bila mapatano. Wengi walimcheka McCain kwa hatua ile. Mimi naona kasoro yake ilikuwa nyingine: alikwenda kwenye kikao akiwa na hasira halali lakini bila maandishi ya anachokitaka. Ukali wake uliwalenga watu, yaani nani afukuzwe na nani apunguziwe mshahara, wakati suala lilikuwa mkataba wenyewe: serikali inatoa nini, inapata nini, na asiyetimiza atafanywa nini.

Septemba 29 Baraza la Wawakilishi liliukataa mpango huo kwa kura 228 dhidi ya 205, na kipimo cha hisa cha Dow Jones kikaporomoka pointi 777 kwa siku moja. Hofu ilifanya kazi ambayo hoja haikuweza. Siku mbili baadaye Seneti ilipitisha sheria iliyonenepa sana kuliko zile kurasa tatu, na Oktoba 3 Wawakilishi wakakubali kwa 263 dhidi ya 171. Je, masharti ya wagombea yalikuwemo? Kwa maneno, ndiyo: bodi za usimamizi ziliundwa, mipaka ya malipo ya wakuu ikaandikwa, serikali ikapewa haki ya kununua hisa. Lakini Oktoba 13 Paulson alipowaita wakuu wa benki kubwa tisa na kuwagawia dola bilioni 125, mkataba wenyewe ulionyesha ukali huo ulikuwa na kina gani. Serikali ilipokea hisa za upendeleo zenye gawio la asilimia 5 kwa miaka mitano ya mwanzo. Wiki tatu kabla, tajiri Warren Buffett, aliyekuwa akimuunga mkono Obama, alikuwa ameweka dola bilioni 5 katika Goldman Sachs na kujipatia gawio la asilimia 10. Nchini Uingereza, katika siku hizohizo, serikali ya Gordon Brown ilidai asilimia 12 katika hisa zake za upendeleo kutoka kwa benki ilizoziokoa, na mkuu wa Royal Bank of Scotland akaachia kiti. Muuza duka wa Kariakoo angeuliza swali ambalo hakuna mgombea aliyeliuliza: kwa nini mwenye bilioni 5 apate masharti mazuri kuliko mwenye bilioni 125?

Katika mdahalo wa kwanza, Septemba 26, Chuo Kikuu cha Mississippi, mwendeshaji Jim Lehrer alijaribu kuwabana. Mada ya usiku ule ilipangwa kuwa mambo ya nje, lakini alianza na fedha na kurudia kuuliza kama wanauunga mkono mpango wa uokozi, na kama wakiwa rais wataacha lipi kati ya waliyoahidi kwa sababu ya gharama yake. Hakupata jibu lililonyooka. McCain alipendekeza matumizi ya serikali yasimamishwe pale yalipo, isipokuwa ulinzi, huduma za maveterani na malipo yaliyokwisha kuahidiwa kisheria. Obama alisema huko ni kutumia shoka mahali panapohitaji kisu cha mpasuaji, jibu zuri ambalo halikusema kisu kitakata wapi. Katika mdahalo wa pili, Nashville, McCain alikuja na pendekezo halisi: serikali itumie dola bilioni 300 kununua mikopo ya nyumba iliyoharibika na kuwaandikia wenye nyumba mikopo mipya inayolingana na thamani ya sasa. Nalihesabu kuwa wazo lake bora katika kampeni nzima, maana lilimfikia mwenye nyumba moja kwa moja. Walakini mikopo ile ingenunuliwa kwa thamani yake ya zamani, na hasara yote ingebebwa na mlipa kodi huku aliyekopesha hovyo akiondoka na fedha kamili. Msaada ulikuwa na anwani sahihi; sharti halikuwepo.

Sasa tugeukie bomu. Tangu Mei 2006 serikali ya Bush ilikuwa imeiwekea Iran sharti la mlangoni: isimamishe kwanza kurutubisha urani, ndipo Marekani itakaa nayo mezani. Julai 2007, katika mdahalo wa chama chake, Obama aliulizwa kama angekutana bila masharti ya awali na viongozi wa Iran, Syria, Venezuela, Cuba na Korea Kaskazini katika mwaka wake wa kwanza. Alijibu kwamba angekutana nao. Hillary Clinton alimwita mchanga wa mambo, na mwaka uliofuata McCain aliibeba kauli hiyo kama silaha yake kuu ya mambo ya nje. Naye McCain alikuwa na mzigo wake: Aprili 2007, huko South Carolina, aliimba kwa mzaha kuhusu kuipiga Iran mabomu. Katika mdahalo wa Mississippi wakabishana hata juu ya Henry Kissinger. Obama alisema Kissinger, mshauri wa McCain, anaunga mkono mazungumzo yasiyo na masharti ya awali, McCain akakanusha. Ukweli ulikuwa katikati: siku chache nyuma Kissinger alikuwa amependekeza mazungumzo ya ngazi ya juu bila masharti, lakini si ya marais wenyewe.

Tuupime msimamo wa kila mmoja kwa matokeo yaliyokuwa yakionekana tayari mwaka ule, si kwa ufasaha wake. Sharti la mlangoni lilipowekwa mwaka 2006, Iran ilikuwa na mfululizo mmoja wa mashine 164 za kurutubishia urani kule Natanz. Kufikia uchaguzi wa 2008 mashine zilikuwa zimepita 3,000, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio baada ya azimio, moja likiwa la Septemba 27, 2008, siku moja tu baada ya mdahalo. Sharti linalomtaka mwenzako akupe mwanzoni kile hasa unachokwenda kujadiliana naye halimbani, linampa muda. Hata Bush alianza kulilegeza: Julai 2008 alimtuma mwanadiplomasia William Burns akae kwenye meza moja na Wairani mjini Geneva. Kwa hiyo McCain alikuwa anatetea msimamo ambao serikali ya chama chake ilikwisha kuuona mipaka yake. Pia alikuwa na mgongano mwingine usiosemwa sana. Alitaka Urusi itolewe katika kundi la nchi tajiri la G8, na baada ya vita vya Georgia vya Agosti 2008 aliongeza ukali. Lakini bila Urusi, yenye kura ya turufu, vikwazo anavyovitaka dhidi ya Iran visingepita Baraza la Usalama. Huwezi kumfukuza mtu barazani kwako na papo hapo ukamtegemea awe shahidi wako.

Hapa pana pingamizi zito. Litasema: Obama alianza mazungumzo, na mashine za Iran zikaongezeka hata zikakaribia 19,000 kufikia 2013. Basi mlango wazi nao ulishindwa, tena vibaya zaidi. Takwimu hizo ni za kweli, na anayemtetea Obama kwa kuzificha hamtendei haki msikilizaji. Jibu langu ni kwamba mlango wazi peke yake haukutosha kweli, na kilichobadilisha mambo kilitoka upande wa fedha. Septemba 2009 wakuu wa kundi la G20 walikutana Pittsburgh kuzungumzia msukosuko wa benki, na hukohuko Obama, Nicolas Sarkozy na Gordon Brown wakatangaza kwamba Iran inajenga kwa siri kiwanda cha pili cha kurutubishia urani chini ya mlima, kule Fordow. Masuala mawili yaliyotenganishwa katika midahalo yalikutana katika mji mmoja. Tangu 2010 sheria za Marekani ziliziambia benki za dunia zichague: kufanya biashara na benki fulani za Iran au kubaki na njia ya kupitisha dola New York. Machi 2012 benki za Iran zilikatwa kwenye mtandao wa SWIFT ambao benki hutumia kutumiana taarifa za malipo. Mauzo ya mafuta ya Iran, yaliyokuwa mapipa takriban milioni 2.5 kwa siku mwaka 2011, yalishuka hata chini ya nusu katika miaka miwili. Silaha hii isingekata kama benki za New York zingekuwa zimezama mwaka 2008. Obama aliligusa jambo hilo katika mdahalo wa Mississippi, aliposema hakuna taifa lililowahi kudhoofika kiuchumi likabaki na ubora wa kijeshi; alilisema akapita, na hakuna aliyemtaka alifafanue.

Vikwazo navyo pekee visingetosha, na hili ndilo jibu kwa wanaosema Iran ilipiga magoti kwa njaa tu. Mashine ziliongezeka wakati vikwazo vinakaza. Mambo yalisogea pale Marekani ilipoacha kudai Iran isirutubishe hata kidogo, ikaanza kujadili kiasi gani na chini ya ukaguzi gani. Mazungumzo ya siri yaliyofungua njia hiyo yalifanyika Oman kuanzia 2012, chini ya udhamini wa Sultan Qaboos, katika jiji la Muscat ambako Kiswahili bado kinasemwa majumbani mwa watu waliotoka Unguja na pwani yetu. Novemba 2013 yalizaa mapatano ya muda mjini Geneva, na Julai 14, 2015 yakazaa mapatano kamili ya Vienna. Tuyasome masharti yake. Mashine zisizidi 6,104 kwa miaka 10, na kati yake 5,060 ndizo zirutubishe. Urani isivuke kiwango cha asilimia 3.67, na akiba yake isizidi kilo 300 kwa miaka 15. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki waingie, wafuatilie mnyororo wote tangu mgodini. Iran ikivunja, vikwazo vya Umoja wa Mataifa virudi bila mwanachama yeyote wa kudumu kuweza kuvizuia kwa kura ya turufu. Kila sharti lina kipimo, muda, mkaguzi na adhabu. Mtu aliyelaumiwa mwaka 2008 kwa kwenda bila masharti alirudi na kurasa nyingi za masharti, na aliyapata kwa sababu hakuyadai yote mlangoni.

Weka mapatano hayo kando ya yale ambayo serikali hiyohiyo ilizifanyia benki, kisha ulinganishe. Machi 2009 ilijulikana kwamba AIG, iliyokuwa imekwisha kupata ahadi za zaidi ya dola bilioni 170 za umma, inawalipa bonasi za dola milioni 165 wafanyakazi wa kitengo kilekile kilichoisababishia maangamizi. Benki zilizokuwa zikiidai AIG kwa mikataba yake ya bima ya mikopo zililipwa thamani kamili, bila kuombwa zikubali hasara hata kidogo. Wakati wa kampeni Obama aliunga mkono wazo la kuwapa majaji wa mahakama za mufilisi uwezo wa kupunguza deni la nyumba lilingane na thamani yake. Aprili 30, 2009 wazo hilo lilianguka katika Seneti kwa kura 45 dhidi ya 51, na Ikulu haikulipigania kwa nguvu ilizokuwa nazo wakati ule. Mpango wa kuwasaidia wenye nyumba, uliotangazwa kuwafikia watu milioni 3 hadi 4, ulitegemea hiari ya makampuni yanayosimamia mikopo, na waliobadilishiwa mikopo kwa kudumu hawakufika milioni 2. Hapo hapakuwa na mkaguzi mwenye meno wala adhabu iliyoogopewa. Laiti Wizara ya Fedha ingeiandikia Citigroup mkataba kwa kalamu iliyotumika Vienna!

Haki itendeke lakini. Mwaka huohuo wa 2009 serikali ilizipima benki 19 kubwa kwa kuuliza kama zitahimili hali mbaya zaidi, ikayatangaza majibu Mei 7: benki 10 zilihitaji kuongeza mtaji wa jumla ya dola bilioni 74.6. Soko lilianza kutulia tangu hapo. Huo nao ulikuwa ukaguzi wenye kipimo na tarehe, na ulifanya kazi kuliko hotuba zote za kuwalaani matajiri. Tena watetezi wa mpango wa uokozi watakumbusha kwamba fedha zilirudi: kufikia mwisho wa 2014 serikali ilisema imekusanya dola bilioni 441.7 kutokana na bilioni 426.4 ilizowekeza. Ni hoja ya kweli, lakini inajibu swali jingine. Swali langu si kama serikali ilipata hasara. Ni kama, wakati benki ziko magotini na haziwezi kukataa chochote, nchi ilipata mabadiliko yanayolingana na nguvu iliyokuwa nayo. Sheria ya Dodd-Frank ya kuzidhibiti benki ilisainiwa Julai 21, 2010, karibu miaka miwili baada ya Lehman, benki zikiwa zimeshasimama na mawakala wao wamejaa tena katika korido za Congress. Masharti ya ndani yana wakati wake, na kwa benki wakati ulipita.

Pingamizi la pili linatoka kwa wasioamini kampeni kabisa. Watasema hali ndiyo iliyoamua kila kitu. McCain akiwa Ikulu angeokoa benki vilevile na angezungumza na Iran vilevile. Nusu ya kwanza nakubali. Kuhusu nusu ya pili, kumbukumbu inakataa. Mkataba mpya wa kupunguza silaha kati ya Marekani na Urusi, uliotiwa saini Prague Aprili 8, 2010 na kuweka ukomo wa vichwa 1,550 vya nyuklia kwa kila upande, uliridhiwa na Seneti Desemba mwaka huo kwa kura 71 dhidi ya 26. McCain, aliyeahidi Denver kupunguza silaha hizo hadi idadi ndogo kabisa inayowezekana, alipiga kura ya hapana. Machi 2015 alikuwa miongoni mwa maseneta 47 waliowaandikia viongozi wa Iran kwamba mapatano yasiyopitishwa na Congress yanaweza kufutwa na rais ajaye. Lengo lake la 2008 halikubadilika. Masharti yake ya namna ya kulifikia ndiyo yaliyolifanya lisifikike. Na barua ile, niseme wazi, ilikuwa na ukweli mchungu ndani yake. Obama alichagua mapatano yasiyo mkataba kamili mbele ya Seneti kwa sababu hakuwa na kura, na Mei 8, 2018 Donald Trump alijitoa kwa sahihi yake tu. Kufikia 2021 Iran ilikuwa inarutubisha hadi asilimia 60. Masharti magumu kwa mshirika wa nje hayakuwa na mizizi nyumbani, na hilo ni kosa la upande wa Obama ambalo McCain aliliona mapema.

India nayo inastahili neno, maana hapo ndipo wote wawili walipolegea. Mwaka 2006 Obama alikuwa ameingiza katika sheria kifungu cha kutaka akiba ya fueli ya nyuklia inayouzwa India isizidi mahitaji halisi ya vinu vyake, ili India isijiwekee hazina ya kuivusha salama endapo itafanya jaribio jingine na kukatiwa. Ilipofika jioni ile ya Oktoba 2008, mapatano yaliyoletwa yalikuwa na lugha laini kuliko hiyo, na bado alisema ndiyo. Vinu 14 kati ya 22 vya India viliwekwa chini ya ukaguzi. 8 vilibaki nje. Tehran ilitazama. Nchi iliyobaki ndani ya mkataba wa kuzuia uenezaji iliwekewa vikwazo, na nchi isiyowahi kuingia ilipewa ubia. Mtu anaweza kutetea tofauti hiyo kwa demokrasia ya India na kwa historia ya Iran ya kuficha viwanda, na utetezi huo una uzito. Lakini katika midahalo mitatu hakuna mgombea aliyetakiwa autoe.

Afrika Mashariki iliusoma uchaguzi ule kwa jina la Kogelo, kijiji cha ukoo wa baba yake Obama. Kenya ilitangaza Novemba 6, 2008 kuwa sikukuu ya taifa. Furaha ile ilikuwa halali, ila ilituficha mambo mawili yaliyotuhusu kwa karibu zaidi. Msukosuko wa benki ulifika kwetu kupitia bei ya pamba, watalii waliopungua na mitaji iliyoondoka. Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza Dodoma mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi trilioni 1.7, ambao sehemu yake ilikwenda kufidia hasara za wanunuzi wa mazao waliokopa benki. Na Julai 2009 Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa bara lisilo na silaha za nyuklia, ulianza kutumika, katika bara ambalo urani ya mgodi wake wa Shinkolobwe, huko Katanga, iliingia katika bomu la Hiroshima. Mambo yote mawili yalikuwa maswali ya masharti: benki na wafanyabiashara waliofidiwa walitakiwa wafanye nini, na nchi yenye urani, kama ile ya Mto Mkuju kule Namtumbo, itauza kwa nani na kwa ukaguzi gani.

Wenzetu wa Kenya wamekuwa na midahalo ya wagombea urais tangu 2013. Kwa waendeshaji wake, na kwa wale watakaoiendesha Tanzania na Uganda, nina ombi. Mgombea akisema ataokoa shirika la umma lililofilisika, msimwache aendelee na sababu za kuliokoa; mwulizeni serikali itapata hisa kiasi gani, nani atakagua, taarifa itatoka tarehe ngapi, na kiongozi wa shirika asipotimiza atapoteza nini. Akisema atajadiliana upya mkataba wa madini au wa bandari, mwulizeni anadai nini kabla ya mazungumzo, anadai nini ndani yake, na bunge litaufunga mkataba huo kwa sheria gani ili anayekuja baada yake asiufute kwa sahihi moja. Jim Lehrer aliuliza mara kadhaa usiku ule wa Mississippi, hakujibiwa, akasonga mbele. Ninyi msisonge mbele.